Moses Fleetwood Walker na Kura Sita za Buffalo

Waheshimiwa wazee wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokubali kufuatana na wazazi wenu jioni hii: tarehe 7 Oktoba ni siku ambayo bunge la jimbo hili la Ohio liliitenga mwaka 2017 kwa ajili ya kumkumbuka mtu mmoja, na nina hakika wengi wetu tuliohamia hapa kutoka Bukavu, Kigoma, Mombasa au Kampala tumeipitisha siku hiyo mara kadhaa bila kujua kwamba ina mwenyewe. Mwenyewe ni Moses Fleetwood Walker, mcheza besiboli wa kulipwa wa miaka ya 1880, ambaye alicheza katika moja ya ligi kuu zilizotambulika za nchi hii mwaka 1884, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson kuvaa jezi ya Brooklyn.

Watoto wetu wanafundishwa shuleni kwamba Robinson ndiye aliyevunja kizuizi cha rangi tarehe 15 Aprili 1947, na hilo ni kweli. Lakini wanachokielewa wengi kutokana na somo hilo ni kwamba kizuizi kilikuwepo tangu mwanzo wa mchezo wenyewe, kana kwamba kilishuka pamoja na mvua, na kwamba ilibidi dunia isubiri hadi ipate mtu mweusi mwenye uwezo wa kutosha. Nimekuja kueleza kwamba sivyo ilivyokuwa. Kizuizi kilijengwa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana, baada ya Weusi kuwa tayari wamo uwanjani na wanalipwa, na katika maisha ya Walker tunaweza kukitazama kikijengwa hatua kwa hatua.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 katika kijiji cha Mount Pleasant, mashariki ya jimbo hili, karibu na Mto Ohio. Ng'ambo ya mto ilikuwa Virginia, na Virginia ilikuwa nchi ya utumwa. Mount Pleasant ilikaliwa na Waquaker, watu wa dini walioupinga utumwa waziwazi, na ilikuwa kituo kimojawapo cha njia za siri walizopitishwa watumwa waliotoroka kuelekea kaskazini. Baba yake, naye Moses, alikuwa fundi mapipa kabla ya kuwa tabibu na mhubiri, na anahesabiwa miongoni mwa matabibu Weusi wa mwanzo wa Ohio. Mama yake, Caroline, alikuwa mkunga. Familia ilihamia Steubenville, mji wa kando ya mto huohuo, na huko ndiko alikozaliwa mdogo wake Weldy, ambaye tutakutana naye tena. Ninawataja wazazi hawa kwa sababu picha ya Mmarekani Mweusi wa karne ya 19 waliyo nayo wengi wetu ni ya mtu wa shamba la pamba. Fleet, kama walivyomwita, alikulia katika nyumba ya daktari, akasoma, akaingia Chuo cha Oberlin, chuo kilichokuwa kikipokea wanafunzi Weusi tangu miaka ya 1830.

Huko Oberlin alikuwa mwanafunzi mzuri mwanzoni, kisha besiboli ikamchukua. Mwaka 1881 chuo kiliunda timu yake ya kwanza ya kushindana na vyuo vingine, na Walker na mdogo wake Weldy walikuwemo. Timu hiyo iliifunga ile ya Chuo Kikuu cha Michigan, na Wamichigan hawakusahau nani alikuwa akidaka nyuma ya mpigaji wao: walimwalika ahamie kwao, naye akahamia kusoma sheria na kucheza. Mwaka 1882 alimwoa Arabella Taylor, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake wa Oberlin. Shahada hakuichukua, si Oberlin wala Michigan.

Hapa sina budi kueleza kidogo kazi yenyewe, maana wengi wetu tumekulia kwenye soka, na wale wa pwani na Nairobi labda kwenye kriketi. Katika besiboli mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji huinama mdakaji, na yeye ndiye aliyekuwa Walker. Mdakaji hudaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite, huwachunga wapinzani wasiibe vituo, yaani wasikimbilie kituo kinachofuata kwa kuvizia, na humpa mrushaji ishara za vidole kumwambia aina ya mpira wa kurusha. Leo mdakaji anavaa glavu nene kama mto, kofia ngumu yenye wavu, kinga ya kifua na kinga za miguu. Katika miaka ya 1880 wadakaji waliingia na glavu nyembamba za ngozi zilizokatwa vidole, na wengine mikono mitupu, huku mrushaji akisimama umbali wa futi 50 tu, wakati leo ni futi 60 na nusu. Mpira ni ule ule mgumu kama jiwe. Mdakaji wa enzi zile alijulikana kwa vidole vyake vilivyopinda, kucha zilizotoka na viungo vilivyovimba visirudi tena. Kumkosa mdakaji kwa siku mbili tatu kila juma kwa sababu ya mikono lilikuwa jambo la kawaida kwa klabu yoyote. Ninaomba mliweke hili akilini, kwa sababu kila mara nitakapoeleza jinsi Walker alivyokataliwa, mkumbuke kwamba kazi aliyokuwa akiinyimwa ni ile ambayo wenzake walikuwa wakiikimbia.

Mfano wa kwanza ulitokea hata kabla hajawa mchezaji wa kulipwa wa msimu mzima. Mwezi Agosti 1881 alikwenda na timu ya kampuni moja ya cherehani ya Cleveland kucheza Louisville, katika jimbo la Kentucky, dhidi ya klabu iliyoitwa Eclipse. Wenyeji wakasema hawachezi akiwemo yeye. Cleveland wakakubali kumweka pembeni, wakamtafuta mwingine wa kudaka, na baada ya muda mfupi mwingine huyo akasema mikono yake imeumia na hawezi kuendelea. Watazamaji, na hawa walikuwa watazamaji wa Kentucky, wakaanza kumwita Walker. Akaingia, akarusha mipira kadhaa ya kupasha mwili, watu wakampigia makofi. Ndipo wachezaji wawili wa Eclipse wakaondoka uwanjani na kwenda zao chumbani. Walker akatolewa tena, na mchezaji wa Cleveland aliyekuwa akilinda kituo cha tatu akajitolea kudaka. Timu yake ikafungwa. Angalieni nani alisema nini siku ile: umati ulimtaka na wapinzani wawili hawakumtaka, na waliofuatwa ni wale wawili.

Mwaka 1883 alisaini mkataba na klabu ya Toledo, hapa hapa Ohio, iliyokuwa katika Ligi ya Kaskazini-Magharibi. Kabla msimu haujaanza, mwezi Machi, mjumbe wa klabu ya Peoria alileta hoja katika mkutano wa ligi kwamba wachezaji Weusi wapigwe marufuku. Mkutano ukajadiliana kwa ukali, na hoja ikaanguka. Mimi huuona mkutano ule kuwa muhimu sawasawa na ule wa Buffalo nitakaoufikia, kwa sababu unaonyesha kwamba wenye klabu wa mwaka 1883 waliweza kuulizwa swali lilelile na wakajibu vingine. Walker akacheza, na Toledo wakawa mabingwa wa ligi.

Katikati ya msimu huo, tarehe 10 Agosti 1883, Toledo walikaribisha mechi ya kirafiki na White Stockings wa Chicago, timu kubwa kuliko zote za wakati ule. Nahodha na meneja wao alikuwa Adrian Anson, aliyejulikana kwa jina la Cap, mpigaji bora wa zama zake na mtu mwenye sauti kubwa kwa kila maana ya neno hilo. Anson alitangaza kwamba timu yake haitaingia uwanjani na mtu mweusi. Siku hiyo Walker alikuwa na mkono uliojeruhiwa na alikusudiwa kupumzika. Kama Anson angenyamaza, wala asingemwona akicheza. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia sharti hilo alikasirika, akamweka Walker katika kikosi, akampanga uwanja wa nje, yaani sehemu ya uwanja iliyo mbali na mpigaji, ambako mkono wake usingepata taabu sana, na akamwambia Anson achague: acheze, au aondoke bila fungu lake la mapato ya mlangoni. Anson akacheza. Chicago walishinda 7 kwa 6 baada ya vipindi kumi, kimoja zaidi ya kawaida, na jua halikuanguka.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani, na kila mara naona kwamba Morton hakuhitaji ushujaa wa ajabu. Alihitaji fedha ya mlangoni iwe mkononi mwake na si mkononi mwa Anson. Siku ile ilikuwa hivyo. Siku nyingine, kama tutakavyoona, haikuwa hivyo.

Mwaka 1884 American Association, iliyokuwa ligi kuu ya pili ya nchi na mshindani wa National League, iliongeza idadi ya klabu zake, na Toledo ikachukuliwa. Kwa hiyo Walker hakupanda ligi kuu kwa fadhila ya mtu. Alipanda na timu yake. Mchezo wa kwanza ulikuwa tarehe 1 Mei 1884, na ratiba iliwapeleka Louisville, kwa klabu ileile ya mwaka 1881. Alicheza vibaya: hakupata pigo hata moja na akafanya makosa manne. Hata hivyo msimu ulivyoendelea alirudi katika hali yake. Alicheza michezo 42, akapata mapigo 40 katika zamu 152 za kupiga, yaani wastani wa 0.263, ambao ulikuwa juu ya wastani wa ligi nzima, na kwa mdakaji ulikuwa mzuri, maana wadakaji wa siku zile hawakutegemewa kupiga. Mwezi Julai klabu ilipoishiwa wachezaji kwa majeraha, Weldy aliitwa akacheza michezo michache uwanja wa nje. Ndugu hao wawili wakawa, kwa majuma machache, Weusi wawili katika timu moja ya ligi kuu, na hali hiyo haikuonekana tena hadi mwaka 1947.

Mrushaji mkuu wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, fundi kwelikweli. Mullane, miaka mingi baadaye, alipokuwa amestaafu, alieleza kwa kinywa chake kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, lakini kwa kuwa hakuwapenda Weusi, alikuwa akirusha mpira wowote alioutaka bila kuangalia ishara zake. Tafakarini maana yake. Mdakaji anayemwomba mrushaji mpira wa kupinda, huku mrushaji akiachia wa moja kwa moja wenye kasi yote, anaingiza mikono yake mahali ambapo mpira haupo, na mpira unamkuta mahali ambapo mikono haipo. Ni kama golikipa ambaye mabeki wake wenyewe wanampigia mashuti. Walker alidaka hivyo msimu mzima. Mwezi Julai mpira uliochepuka kwenye gongo ulimvunja ubavu. Siwezi kusema Mullane ndiye aliyeuvunja ubavu huo, lakini kila nikisoma sifa hiyo ya Mullane naiona kuwa ushahidi mzito kuliko takwimu zote za Walker: mtu aliyekiri kumfanyia hila ndiye aliyemwita bora.

Mwezi Septemba, Morton alipokea barua kutoka Richmond, Virginia, mahali ambapo timu ilitazamiwa kwenda mwezi uliofuata. Waandishi walionya kwamba Walker asipangwe, kwani walikuwa na majina ya watu 75 walioapa kumshambulia akitokea uwanjani akiwa na sare. Ilipochunguzwa, majina yaliyotiwa chini ya barua hayakuwa ya watu wa kweli. Timu ilipofika Richmond, Walker hakuwa tena mchezaji wake. Majeraha yalikuwa yamemwondoa, na klabu ilikwisha kumwachia mwezi Septemba. Toledo yenyewe ilitoka katika ligi hiyo msimu ulipomalizika. Hivyo basi hakuna siku moja ambayo tunaweza kuinyoshea kidole na kusema hapa ndipo Walker alipofukuzwa ligi kuu. Aliumia, akaachwa kama walivyoachwa wengi, na alipopona hakuna klabu ya ligi kuu iliyomwita tena.

Miaka miwili iliyofuata alicheza Cleveland na Waterbury, klabu za ngazi za chini. Nitaipita haraka, nifike Newark.

Mwaka 1887 International League, ligi iliyokuwa ngazi moja tu chini ya zile kuu, ilikuwa na wachezaji Weusi wapatao saba. Bud Fowler, aliyelipwa kucheza tangu mwaka 1878 na ambaye kwa umri wa kazi alikuwa mkubwa wao wote, alikuwa Binghamton. Frank Grant, ambaye wengi wanamhesabu kuwa hodari kuliko Weusi wote wa karne ile, alikuwa Buffalo. Newark walikuwa na Walker wa kudaka na George Stovey wa kurusha, na wote wawili wakifanya kazi pamoja waliwafunga wapinzani mfululizo. Stovey alishinda michezo zaidi ya 30 mwaka ule. Hawa hawakuwa wachezaji wa kujaza nafasi. Grant alikuwa akiongoza kwa kupiga katika timu yake, na Stovey alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa ligi.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida. Baadhi ya wachezaji weupe walianza kulalamika kwamba hawataki kucheza nao, wengine wakatishia kuacha kazi, na ukichunguza malalamiko yale unaona kwamba nyuma ya chuki palikuwa na hesabu: kila mtu mweusi aliyesajiliwa alikuwa nafasi moja ya mshahara iliyotoka kwa mtu mwingine. Nadhani jambo hili linatakiwa kusemwa wazi, kwa sababu tunapoueleza ubaguzi kama ugonjwa wa moyo tu tunawaachia watu faida walizopata.

Tarehe 14 Julai 1887 mambo mawili yalitokea siku moja. Huko Newark, White Stockings wa Chicago walikuja tena kwa mechi ya kirafiki, wakiwa na Anson yuleyule. Safari hii Anson alishinda: Walker hakucheza, na Stovey, aliyetazamiwa kurusha, alitangazwa kwamba anaumwa. Mwanya alioukosa Toledo mwaka 1883 aliupata Newark, kwa kuwa wenyeji waliuhesabu ujio wa Chicago kuwa neema ambayo hawakutaka kuihatarisha. Na siku hiyohiyo, mjini Buffalo, wakurugenzi wa International League walikutana na kuamua kwamba katibu wa ligi asiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji Weusi. Kura zilikuwa sita dhidi ya nne. Klabu sita ambazo hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja ziliunga mkono. Klabu nne zilizokuwa nao zilipinga.

Ningependa tukae kidogo juu ya hesabu hiyo. Wale waliowahi kufanya kazi na Walker, Grant, Stovey na wenzao, waliowaona mazoezini, kwenye treni na kwenye daftari la mishahara, walitaka waendelee. Wale ambao hawakuwa nao waliamua kwa niaba ya wote. Na waliamua kwa namna ya kikarani sana: hawakufukuza mtu, hawakuandika sheria ya kumkataza mtu kucheza, walimwambia tu katibu asitie saini. Mwenye mkataba abaki nao mpaka uishe. Utaratibu wa aina hiyo, waliowahi kufuatilia kibali katika ofisi yoyote wanaujua, hauhitaji mtu yeyote asimame mbele yako akuambie hapana.

Wasimuliaji wengi humbebesha Anson mzigo wote. Anastahili sehemu yake, na kubwa. Lakini Anson hakuwa na kura Buffalo. Mwezi Septemba mwaka uleule, wachezaji wanane wa St. Louis Browns, mabingwa wa American Association, walimwandikia mwenye klabu yao kwamba hawatacheza mechi ya maonyesho na Cuban Giants, timu ya Weusi, na mechi haikuchezwa; hapo Anson hakuwepo kabisa. Kumfanya mtu mmoja mkorofi kuwa mjenzi wa ukuta mzima ni kuwasamehe wakurugenzi, makatibu na mameneja ambao majina yao hayakumbukwi kwa kuwa hawakupiga kelele.

Machi 1888, ligi moja ya kwetu hapa, ile iliyokuwa Ligi ya Ohio na kubadilishwa jina kuwa Tri-State, iliifuta kanuni iliyoruhusu kusajili Weusi. Weldy Walker akamwandikia rais wa ligi barua ya wazi iliyochapishwa katika gazeti la michezo la Sporting Life. Ni barua ya mtu aliyesoma na aliyekasirika bila kupoteza adabu. Hakuomba huruma. Alisema kanuni ile ni aibu kwa zama zile, na kwamba kama mchezaji ni wa kuzuiwa basi pawe na sababu pana kuliko rangi: uwezo, mwenendo, akili. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini kaka mtu, aliyeumizwa zaidi, hakuandika barua ile. Nadhani ni kwa sababu bado alikuwa na kazi. Fleet alikuwa amesajiliwa na Syracuse Stars kwa misimu ya 1888 na 1889; mwaka wa kwanza walitwaa ubingwa, na mji ulimpenda. Syracuse walipomwachia mwezi Agosti 1889, alikuwa amebaki peke yake. Mtu mweusi mwingine hakucheza katika International League hadi tarehe 18 Aprili 1946, Jackie Robinson alipoingia uwanjani Jersey City akiwa na Montreal.

Maisha yake baada ya besiboli hayapendezi kusimuliwa katika hafla, lakini sitayaruka, kwa sababu tukimfanya mtu mtakatifu hatumjui tena. Mwezi Aprili 1891, akiwa bado anaishi Syracuse, alikabiliwa na kundi la wanaume weupe karibu na baa. Maneno yalizidi, akapigwa jiwe kichwani, akachomoa kisu na kumchoma mmoja wao aliyeitwa Patrick Murray, ambaye alifariki. Alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi Juni jopo la raia, weupe wote, lilimwona hana hatia, na waliokuwa mahakamani wakashangilia. Mwaka huohuo wa 1891 alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya muundo wa kombora la mzinga. Wengine husoma mambo hayo mawili kama kichekesho. Mimi naona mtu mwenye akili ya ufundi na hasira ambavyo vyote viwili vilikosa mahali pa kwenda.

Alirudi Steubenville, akafanya kazi katika posta ya reli. Arabella alifariki mwaka 1895 na kumwachia watoto watatu. Mwaka 1898 alioa tena, akamwoa Ednah Mason, naye pia mtu wa Oberlin; na mwaka huohuo alitiwa hatiani kwa kuiba fedha zilizokuwa ndani ya barua za rejista, akafungwa mwaka mmoja. Baada ya kifungo aliendesha hoteli pamoja na Weldy, na ndugu hao walihariri gazeti lililoitwa The Equator. Kuanzia mwaka 1904 alisimamia jumba la maonyesho katika mji mdogo wa Cadiz, ambako watu walikwenda kuona michezo ya kuigiza, muziki, na baadaye sinema. Huko alipata taabu ya kila mwenye projekta wa enzi zile, yaani mkanda kumalizika ghafla watazamaji wakabaki gizani wakipiga miluzi, na mwaka 1920 alipewa hataza tatu kwa vifaa vyake vinavyohusu mikanda ya filamu, kimojawapo cha kumtahadharisha mwendeshaji kwamba mkanda unakaribia mwisho.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu kidogo, hakifiki kurasa 50, kiitwacho Our Home Colony. Ndani yake alifikia uamuzi kwamba Mmarekani Mweusi hana alichobakiziwa katika nchi ile isipokuwa kushindwa na kukata tamaa, na kwamba dawa ni kuhama kwenda Afrika, akiielekeza macho Liberia. Yeye mwenyewe hakuhama. Sisi tuliosafiri kinyume cha safari aliyoipendekeza tunaweza kukisoma kitabu kile kwa mshangao, na kuna kurasa zake, hasa zinazohusu kuchanganyika kwa damu za watu, ambazo sizikubali hata kidogo. Lakini ni lazima tukumbuke mwandishi alikuwa nani. Mwaka 1883 alikuwa ameona hoja ya kumzuia ikianguka katika mkutano. Miaka minne baadaye aliona hoja ya namna hiyohiyo ikipita. Mtu aliyeishi kipindi ambacho mambo yalikuwa yakirudi nyuma hawezi kuamini kwa urahisi kwamba muda peke yake utayasogeza mbele.

Alifariki tarehe 11 Mei 1924 mjini Cleveland kwa nimonia, akiwa na miaka 67, akazikwa Steubenville katika makaburi ya Union. Kaburi lilikaa bila jiwe la jina hadi miaka ya 1990 ilipoanza, watu wa Oberlin walipoliwekea.

Nimalizie na swali ambalo najua litaulizwa, afadhali nilijibu mwenyewe. Watafiti wa historia ya besiboli wamegundua kwamba tarehe 21 Juni 1879, miaka mitano kabla ya Walker, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown aliyeitwa William Edward White alicheza mchezo mmoja tu katika National League akiwa na Providence. White alizaliwa Georgia mwaka 1860, mama yake akiwa mtumwa na baba yake akiwa ndiye mmiliki wa mama huyo. Basi wa kwanza ni nani? Kwa kalenda na kwa nasaba, ni White, na anastahili kutajwa. Lakini White aliishi akijulikana kuwa mtu mweupe, na siku ile Providence hakuna aliyemkataa kwa kuwa hakuna aliyejua cha kumkataa. Hakuna hoja ya Peoria iliyoletwa kwa sababu yake, hakuna barua kutoka Richmond, na wale wakurugenzi sita wa Buffalo hawakuwahi kumfikiria. Walichokuwa wakikizuia ni mtu kama Walker, anayeonekana ni nani, anayecheza vizuri, na ambaye klabu yake inataka kumsajili tena mwaka unaofuata.

Mwenyekiti, nimemaliza, na niko tayari kwa maswali, hasa ya vijana, ambao wengi wao wanaujua mchezo huu kuliko mimi.